Makombo Kwenye Shuka

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bibi Mbavu, na mwenyewe alishazoea, maana kweli riziki yake ilikuwa mbavuni mwa watu. Miaka kumi na tisa alikuwa anapima kwa altrasaundi, na sita ya mwisho alikabidhiwa mashine ile ya kupima ugumu wa ini. Unalala chali, mkono wa kulia unauweka kichwani, yeye anapapasa katikati ya mbavu mpaka apate uwazi anaoutaka, anakupaka jeli ya baridi, halafu kichwa cha mashine kinakugonga ubavuni kidogo tu. Tuk. Ni kama mtu anabisha hodi. Ile hodi inatuma wimbi ndani. Ini likiwa laini wimbi linajikokota, likiwa gumu linakimbia, na mashine inasoma mwendo wake na kutoa namba. Hodi kumi, namba kumi, anachukua ya katikati. Basi.

Usidhani ni kazi ya mchezo. Kwa kutegemea namba ile watu walipasuliwa au hawakupasuliwa. Daktari wa ini, mtu asiyesifu hata mvua, aliwahi kusema mbele ya wote kwamba namba ya Bibi Mbavu haina rufaa. Na tusifichane, siku ile mama wa watu kichwa kilimvimba kidogo. Nani hapendi kusifiwa?

Alikuwa na sharti moja, na kwa sharti hilo alikuwa mkali: mgonjwa asiwe amekula kwa muda wa saa tatu. Ini la mtu aliyetoka kula hujaa damu, na likijaa damu hukaza. Mashine haijui kama limekazwa na ugonjwa au limekazwa na kifungua kinywa. Kwa hiyo kila anayeingia alimuuliza, "Umekula?" Akiona unababaika anakuuliza tena. Wapo waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya ndizi moja, wakaondoka wananuna, na yeye hakujali.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, aliingia mwanamume mpana wa mabega, nyusi zimepauka kwa unga, mkononi ameshika mfuko wa karatasi uliokuwa unanukia chumba kizima. Nyuma yake nesi alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu. Kitini alikaa mwanamke aliyekonda uso na mikono, tumbo limemjaa maji, macho ya manjano kama kiini cha yai.

"Huyu ndiye mwenye kutoa," mwanamke alisema kabla hata salamu hazijaisha. "Mdogo wangu. Mpime taratibu, mama, maana ndiye ini langu."

Bibi Mbavu alimjua huyu dada. Alikuwa mshonaji, mwenye cherehani yake, na miezi minane nyuma, kabla maji hayajajaa tumboni, alilala kwenye kitanda hikihiki akapimwa. Namba ikatoka arobaini na sita. Ini lilikuwa limeshakuwa jiwe. Virusi vya homa ya ini viliishi humo miaka na miaka bila kubisha hodi. Sasa kilichobaki kilikuwa kimoja tu, kumwekea ini la mtu mwingine. Mama yao alikuwa mzee mno. Binti wa mshonaji alikuwa na miaka kumi na miwili. Binamu wawili walipimwa, damu zao hazikukubaliana na yake. Akabaki huyu mdogo wake, mwokaji mikate, ambaye damu yake ilikubali kila kipimo. Wangemkata kipande cha ini wampe dada yake, na vipande vyote viwili vingeota, kwa maana ini ni kiungo cha ajabu, ukilikata linajirudishia.

"Wewe ndiye shujaa?" Bibi Mbavu alimuuliza.

"Shujaa gani, mama. Hapa nilipo magoti yanagongana."

"Mwongo huyo," dada yake akadakia. "Tangu mdogo anakula chake, anakula na changu. Nilikuwa nageuza shingo tu, narudi sahani nyeupe. Sasa leo arudishe."

Wakacheka wote, hata nesi. Walikuwa chanda na pete wale wawili, ungewaona ungejua. Baba yao alikufa mapema, dada akashona usiku na mchana mdogo wake amalize shule, na alipokataa shule akataka kuoka kama baba, dada huyohuyo ndiye aliyemnunulia tanuri la kwanza.

"Haya, panda kitandani," Bibi Mbavu akasema. "Umekula?"

"Sijala, mama. Tangu jana jioni."

"Hata chai?"

"Hata chai. Waliniambia nisile, na mimi si mtoto."

"Nakuuliza mara ya tatu, ndiyo kawaida yangu. Hujala?"

"Haki ya Mungu sijala. Njaa inaniuma mpaka nasikia tumbo linasema."

Alisema akimtazama machoni, na hakukuwa na hila hata chembe katika uso ule. Akalala chali, akavuta shati juu. Makombo ya mkate yakamwagika kutoka kwenye mikunjo ya shati, matano, sita hivi, yakatua kwenye shuka jeupe.

"He! Kitanda changu unakifanya duka la mikate?"

"Nisamehe, mama. Haya yananifuata mpaka nyumbani. Mke wangu amechoka kukung'uta mashuka."

Bibi Mbavu akayapangusa kwa kiganja chake, fyuu, yakaanguka sakafuni. Mwokaji asiye na makombo ni mwokaji gani? Jeli ikichanganyika na kombo inakwaruza ngozi, na kichwa cha mashine ni cha ghali. Hilo ndilo alilolifikiria, na hakufikiria lingine.

Tuk. Tuk. Tuk. Alipofika ya kumi akatazama kioo. Akafuta jeli, akapaka upya, akasogea uwazi wa mbavu unaofuata, akarudia kumi nyingine. Saba nukta nane. Na namba zilikuwa zimekaa pamoja, hazikutawanyika; mashine ilikuwa na hakika na ilichokisema. Kwa mtoaji, mwisho wa hospitali ile ulikuwa saba.

"Ngapi?" dada aliuliza kutoka kitini. Miezi minane ilimfundisha kusoma nyuso za watu wa hospitali.

"Daktari atawaambia, mwanangu."

"Mama, nimekuuliza ngapi."

"Daktari atawaambia."

Akajaza fomu. Kulikuwa na mstari ulioandikwa *Hajala kwa saa tatu*, na mbele yake kisanduku. Akatia alama ya vema kwa kalamu yake mwenyewe. Mwokaji aliposhuka kitandani akamkabidhi ule mfuko wa karatasi. "Mkate wako, mama. Umetoka tanurini saa tatu na nusu, bado una joto." Bibi Mbavu akaupokea, akashukuru.

Daktari hakuzunguka. Aliwaita mchana huohuo, Bibi Mbavu akiwa amesimama mlangoni na faili.

"Ini lako lina ugumu ambao sijui umetoka wapi," alimwambia mwokaji. "Huenda si kitu, huenda ni ugonjwa unaoanza. Siwezi kukupasua kwa kubahatisha. Nikimkata mtu mwenye ini bovu nitazika wawili badala ya mmoja. Tutakuchoma sindano tutoe kinyama kidogo tukitazame."

"Nichomeni sasa hivi."

"Foleni ya sindano ni siku kumi na tatu. Nimejaribu kukusogeza mbele, nimeshindwa."

"Mimi sinywi pombe, daktari! Sivuti! Sijawahi hata kulazwa. Ini langu linaumwa nini?"

Daktari alikuwa na haki, na hilo ndilo baya lake. Ukiwa na mtu wa kumlaumu angalau unapata pa kupumulia. Nje kwenye korido mwokaji alichuchumaa chini ukutani, mtu mzima yule, akalia mbele ya watu. Dada yake akasogeza kiti mwenyewe kwa mikono yake miembamba, akampapasa kichwa. Kiganja kikatoka cheupe. Akaupuliza ule unga, akasema, "Nyamaza basi. Siku kumi na tatu ni nini? Mimi nimeshona nguo za harusi kwa siku mbili."

Bibi Mbavu aliyaona hayo, akarudi chumbani kwake, akamwita mgonjwa anayefuata.

Ule mkate uliisha kwake jioni hiyohiyo. Mumewe, mstaafu asiye na kazi nyingine zaidi ya kukosoa mikate ya mtaani, aliula na kuuliza umetoka wapi, kesho yake akauliza tena, na Jumapili akasema kama mkewe hatausema huo mji wa mikate atautafuta mwenyewe kwa miguu. Kwa hiyo Jumatatu, siku yake ya mapumziko, Bibi Mbavu akashika kikapu akaenda.

Duka lilikuwa dogo, mbele kuna kaunta na foleni ya watu saba, nyuma kuko wazi unaliona tanuri lote. Mwokaji alikuwa amewapa mgongo. Alitoa trei, akachukua mkate wa pembeni, akaumega ncha, akapuliza, akatia mdomoni. Akatafuna huku ametazama dari, akatikisa kichwa kukubali. Akatoa trei ya pili. Akamega, akapuliza, akatafuna. Ya tatu ilikuwa ya mikate midogo ya sukari. Akala nusu nzima, akailamba na sukari iliyobaki kidoleni. Katikati akachovya kidole kwenye beseni la unga mbichi uliokandwa, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena. Mikono yake ilikwenda kinywani na kurudi kama mtu anayepumua, hata hajui kama anapumua.

Bibi Mbavu alikuwa anahesabu. Hakujua kwa nini anahesabu. Alipofika trei ya sita akayaona yale makombo kwenye shuka, moja moja, na kiganja chake kikiyapangusa.

Akaiacha foleni. Akazunguka kaunta kama duka ni la baba yake.

"Kaka," akasema. "Leo umekula?"

Mwokaji akageuka, shavu limetuna. Uso ukamchangamka. "Mama! Karibu! Bado sijala, tangu alfajiri niko na hili tanuri. Nitakula nikifunga saa sita."

"Na hicho kilichomo mdomoni?"

"Hiki?" Akacheka. "Hiki si kula, mama. Hii kazi. Baba yangu alinifundisha, mkate usioonjwa hauuzwi. Mikono inaweza kusahau chumvi, ulimi hausahau. Sasa nisipoonja nita…"

Akaishia hapo. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa, maskini. Bora angekuwa mzito.

"Jumanne ile," Bibi Mbavu akasema kwa sauti ya chini, "kabla hujaja kwangu. Ulionja?"

"Kulikuwa na oda ya shule." Alisema polepole mno. "Trei kumi na moja."

Kile kipande bado kilikuwa mdomoni. Hakukimeza, hakukitema. Alisimama nacho tu, macho yakimtoka, mpaka mwishowe akakitemea kiganjani na kukitazama.

"Si kosa lako," Bibi Mbavu akasema. "Sikiliza, nitazame mimi. Si kosa lako. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya."

"Uliuliza vizuri, mama. Mara tatu uliuliza."

"Niliyaona makombo. Niliyafuta kwa mkono wangu huu!"

Mtu mmoja kwenye foleni akauliza kama kuna msiba.

"Kesho saa mbili asubuhi," Bibi Mbavu akasema. "Leo jioni ukishakula chakula chako, ndiyo mwisho. Usitie kitu mdomoni, hata ukucha. Hujachelewa. Umenisikia? Hatujachelewa."

Kesho yake alikuja saa moja na nusu, na kitambaa amejifunga mdomoni mpaka puani, fundo kubwa kisogoni. Alikuwa ameoka nacho alfajiri yote, alisema, maana mkono wake hauaminiki. Mara mbili ulikwenda kinywani peke yake ukakikuta kitambaa. Hakukifungua mpaka alipolala kitandani. Safari hii shati lilikuwa safi, limepigwa pasi.

Tuk. Tuk. Tuk. Bibi Mbavu hakupumua vizuri mpaka ya kumi.

Tano nukta nne.

Akarudia. Tano nukta tatu. Lilikuwa ini zuri, laini, ini la mtu asiyejua pombe wala kinyongo. Mwokaji alimtazama usoni akajua, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, jeli ikimtiririka ubavuni.

Bibi Mbavu hakungoja lifti. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, magoti mabovu, alipanda ngazi ghorofa tatu na karatasi mkononi, akaingia kwa daktari bila hodi.

"Alikuwa amekula! Daktari, ile ya kwanza ifute, alikuwa amekula, nimempima upya, ona!"

Daktari akaichukua karatasi, akaisoma. Akavua miwani.

"Dada yake ametapika damu alfajiri," akasema. "Nyingi. Tumemhamishia chumba cha uangalizi. Na sasa ana homa."

"Lakini ini lipo. Ini hilo hapo."

"Nimeliona. Ungeniletea hii namba Jumanne iliyopita, juzi Jumapili ningekuwa nimeshampasua." Halafu, kwa vile hakuwa mtu mbaya, akaona aliyoyasema yalikoingia, akaongeza, "Labda angekufa mezani, Bibi Mbavu. Wengine hufa mezani. Hujui wewe wala mimi sijui. Akitulia siku mbili tatu, homa ikashuka, jopo langu liko tayari. Kwa leo maji yamezidi unga."

Jumatano homa haikushuka. Jumatano jioni Bibi Mbavu, baada ya kazi, akaenda chumba cha uangalizi, akavaa joho la kijani na barakoa, akaruhusiwa dakika kumi. Hakuwa na la kufanya pale. Alikwenda tu, kama mtu anavyokwenda kwenye mlango alioufunga kwa bahati mbaya.

Mshonaji alikuwa macho. Mirija puani, mirija shingoni, midomo imekauka. Alimtambua kwa macho.

"Bibi Mbavu." Sauti ilikuwa kama karatasi inayochanika. "Ngapi?"

Safari hii hakumwambia habari za daktari. "Tano nukta nne."

Mwanamke akatabasamu, akafumba macho. "Nilijua. Yule hana ugumu popote. Hata roho yake ni unga." Akapumzika. "Na ile ya kwanza ilikuwaje?"

"Nilikosea mimi. Nilishika mashine vibaya."

"Miaka kumi na tisa, ukosee siku yangu."

"Hutokea."

Mashine za pembeni zikalia kwa zamu. Bibi Mbavu alidhani amelala.

"Alionja," mshonaji akasema.

Bibi Mbavu akamvutia shuka begani.

"Nimemlea mimi, mama. Alikuwa anamaliza nusu ya sufuria kwa kuonja, halafu ukimwita mezani anakuja na njaa, anakula tena, anakuapia hajala." Mabega yalimtikisika, alikuwa anacheka, au alikuwa anajaribu. "Na hasemi uongo. Kwake kweli hajala."

"Mwanangu, usijichoshe."

"Yeye anajua?"

"Anajua."

Hapo machozi yakamtoka, ya kwanza ambayo Bibi Mbavu aliwahi kuyaona kwake. Siku ile ya korido hakulia. "Basi atakuja kukuuliza," akasema. "Mimi nikiondoka atakuuliza kama nilijua. Namfahamu. Mwambie sikujua. Mwambie nilifikiri ni mashine."

"Hutaondoka."

"Niahidi, Bibi Mbavu. Uongo mmoja tu. Hujawahi kusema uongo kwenye fomu zako, nisemee mimi mmoja."

Bibi Mbavu akamwahidi. Akamshika mkono, ukiwa mwepesi kama kitambaa, vidole bado vina sugu ya sindano.

Mshonaji akafa Ijumaa asubuhi, saa tatu kasoro, jua limeshatoka, mdogo wake akiwa njiani anakuja na kitambaa chake mdomoni. Tangu Jumanne hakukiacha. Alikuwa anakula mara moja tu, jioni, kisha anajifunga tena, ili wakimwita wakati wowote asubuhi wamkute yuko tayari. Nesi ndiye aliyelifungua lile fundo, kwa sababu yeye mwenyewe vidole vilikataa.

Msibani watu walisema yale yanayosemwa, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Bibi Mbavu aliketi na wanawake wengine akaitikia. Moyoni alikuwa anasema, ya Mungu haina, ya kwangu je? Alikwisha andika kila kitu kwenye ripoti, makombo na yote, akampelekea daktari na mkuu wa idara. Walimwambia ajitahidi siku nyingine. Hawakumkaripia, na alitamani wangemkaripia. Siku hizi akimpata mgonjwa hamuulizi tena kama amekula. Anauliza, "Tangu ulipoamka, nini na nini kimepita kwenye ulimi wako? Nitajie vyote, hata ulichoonja ukatema." Wagonjwa wanamwona mama wa maswali mengi, wengine wanamcheka. Na shuka analitazama kwanza kabla ya kugusa chochote.

Wiki ya nne akasikia duka limefunguliwa. Akapiga moyo konde, akashika kikapu akaenda.

Foleni ilikuwepo, ndefu kuliko zamani. Kaunta alikuwa amesimama binti wa marehemu, yule wa miaka kumi na miwili, amevaa gauni jeusi ambalo mtu yeyote angejua lilishonwa na fundi hasa; mjomba wake alikuwa amemchukua aishi kwake. Nyuma, mwokaji alikuwa anatoa trei. Alipomwona Bibi Mbavu akaja, akipangusa mikono kwenye aproni. Alikuwa amepungua. Mabega yale mapana yalikuwa yamebaki mifupa.

Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha akamvuta pembeni karibu na magunia ya unga, binti asisikie.

"Mama, nina neno moja, na nakuomba usinionee huruma." Alikuwa anautazama mdomo wake Bibi Mbavu, si macho. "Dada alijua? Kwamba ni mimi?"

Bibi Mbavu alikuwa amejiandaa kwa swali hili njia nzima.

"Hakujua," akasema. "Nilimwambia nilishika mashine vibaya. Akanisamehe."

"Aliamini?"

"Mbona asiamini? Alinicheka. Alisema miaka kumi na tisa nimekosea siku yake."

Mwokaji akavuta pumzi ndefu, akaishusha. Macho yakamlowa. "Huyo ni yeye hasa," akasema. "Hivyo ndivyo angesema." Halafu akarudi kwenye tanuri lake, maana trei zilikuwa zinamngoja.

Bibi Mbavu alibaki kusimama akimtazama. Trei ya kwanza ilitoka, mwokaji akaigeuza mikate juu ya meza, akaipanga. Ya pili, akaipanga. Ya tatu. Akakanda beseni jingine, akamimina, akachanganya, akafunika. Mikono ilifanya kazi yake yote na haikupanda hata mara moja kupita kifuani.

Binti akamfungia mikate miwili. Nyuma yake kwenye foleni mwanamke mmoja, mteja wa siku nyingi, alimnong'oneza jirani yake kwamba hii ni wiki ya pili sasa, lakini nani atamwambia? Jirani akasema, "Nunua twende."

Mumewe alikuwa ameshaandaa chai. Akakata kipande kikubwa, akatafuna, akaacha kutafuna. "Huu mkate mbona…"

"Kula," Bibi Mbavu akasema.

"Hauna chumvi hata punje."

"Najua. Kula tu, baba."

Mzee akamtazama mkewe, akaona ilivyo, akala. Bibi Mbavu naye akala chake, kikavu, pooza, mpaka ganda la mwisho. Walipomaliza mzee akaanza kuondoa vikombe, akanyoosha kiganja apanguse makombo kwenye kitambaa cha meza.

"Yaache," Bibi Mbavu akasema. "Yaache hapohapo kwanza."